Mti wa nne uko majini tu

Wa alaykumu salaam dada yangu, na Mungu amrehemu mzee wako.

Nalirudia swali lako kwa ufupi ili na wengine walifuate. Marehemu baba, mzaliwa wa Jomvu aliyemalizia umri wake Mji wa Kale, ameacha mchoro wa rangi za mafuta kwenye turubai, upana wake kama mkono mmoja. Ni miti ukingoni mwa maji, na miti hiyohiyo ikionekana ndani ya maji. Hauna sahihi wala tarehe. Alikuwa akikaa mbele yake kila baada ya alasiri na kahawa yake. Ami yako anashikilia kwamba miaka yote hii umetundikwa kichwa chini. Binti yako naye amesema miti ya majini ni roho, kwani mmoja umepauka kama sanda, na mchoro mzima ni habari ya mauti. Na tangu aseme hivyo huna raha kuuona sebuleni. Unauliza nani ana haki, na mchoraji alikusudia nini.

Nimekaa na picha zako siku tatu. Kazi yangu ni kufundisha uchoraji na kutengeneza michoro iliyoharibika hapa Mombasa, kwa hiyo mikoko iliyochorwa nimeiona mingi, mizuri na ya kuuzia watalii. Huu wako ni wa mtu aliyetazama kweli. Nitaeleza nilivyousoma, hatua kwa hatua, ili nawe uweze kunipinga.

Tuanze na ami, wala asichekwe. Mwaka 1961 jumba la Museum of Modern Art la New York lilitundika kazi ya Henri Matisse iitwayo Le Bateau, mashua na sura yake majini, kichwa chini. Ilikaa hivyo siku 47. Watu zaidi ya laki moja walipita mbele yake kabla mgeni mmoja hajasema kwamba hapa pana kosa. Basi mchoro wa kitu na taswira yake unaweza kumpoteza hata mjuzi.

Lakini wako uko sawasawa, na ushahidi uko ndani ya rangi. Maji hayarudishi mwanga wote yanaoupokea, na maji ya hori zetu, mikono ya bahari iingiayo nchi kavu, yana tope, nalo hurudisha mwanga kidogo wa rangi yake lenyewe. Kwa sababu hiyo kitu cheupe kikionekana majini hupungua weupe, na kitu cheusi hupungua weusi. Vyote viwili husogea katikati. Tazama mbingu ya nusu ya juu: ni manjano ya kupauka, safi. Ya nusu ya chini imekuwa kama chai iliyotiwa maziwa kidogo. Sasa tazama mashina: ya juu ni meusi kabisa kwenye maungio ya mizizi, ya chini yamekuwa kahawia. Ungekuwa umepinduliwa, mambo haya yangekuwa kinyume. Kisha tazama mkono wenyewe ulivyokwenda. Kwenye miti ya juu brashi imefuata tawi, imepinda tawi linapopinda. Kwenye maji imevutwa wima kwenda chini, halafu rangi ikiwa bado mbichi amepitisha brashi kavu kwa ulalo, mara moja tu. Ndiyo njia ya wachoraji wengi ya kulaza maji. Mwonyeshe ami hapo, kwa heshima zake.

Sasa kwa binti. Katika barua yako umeandika mara tatu "vivuli vya miti majini". Nadhani shida yote imeanzia kwenye neno hilo. Kiswahili chetu kimelitwika neno kivuli mizigo mingi: giza la mti juani, sura inayoonekana kwenye maji au kioo, hata mzuka wa maiti. Ukishasema miti ile ni vivuli, si ajabu mwenzako akasikia mizuka. Lakini kwa mchoraji kivuli na taswira ni vitu viwili mbalimbali, na asiyevitenga hawezi kuchora maji. Kivuli hulifuata jua. Jua likihama, kivuli kinahama, hata kama hakuna mtu wa kukiona. Taswira humfuata mtazamaji. Wewe ukisogea hatua mbili kushoto, taswira yote majini inabadilika, ilhali mti haukutikisika. Hakuna taswira "ya mti". Ipo taswira ya mti kwa yule aliyesimama pale.

Na ndiyo maana mchoro wa namna hii, kuliko mwingine wowote wa mandhari, humtaja mchoraji hata asipotia sahihi. Unaweza kujua alikuwa wapi.

Wengi hudhani taswira ni nakala ya mti iliyogeuzwa, kama karatasi iliyokunjwa ikiwa na rangi mbichi. Sivyo. Maji huuona mti kutoka chini. Mfikirie mtoto anayeogelea hapo Mikindani, ameinua uso: yeye huona matumbo ya majani, si migongo yake. Taswira inakuonyesha kile ambacho ungekiona lau jicho lako lingekuwa chini ya uso wa maji, kwa kina kilekile ambacho sasa liko juu yake. Kwa hiyo ukiwa umeketi mtumbwini, jicho karibu na maji, mti na taswira yake hufanana sana. Ukiwa umesimama mahali palipoinuka, huanza kuachana.

Wako unaachana. Utazame mnazi ulio nyuma ya mikoko. Juu unaonekana shina na kichwa. Majini kuna kichwa tu, shina limezibwa na taswira ya mikoko iliyo mbele yake. Mchoraji wa kubuni angeuchora mnazi mzima mara mbili, kwa kuwa mkono unapenda ulinganifu. Huyu hakufanya hivyo. Alikuwa amesimama ukingo wa pili, mahali palipo juu kidogo ya maji, huenda kwenye gati au ukuta, na aliyaamini macho yake kuliko kanuni.

Chini kabisa, karibu na fremu, miti imeyeyuka na kumebaki rangi ya tope yenye kijani. Umeniuliza kama hapo rangi imeharibika. Haijaharibika. Ukitazama maji ya mbali, jicho lako linayapiga kwa mlazo na yanarudisha karibu kila kitu. Ukitazama maji yaliyo miguuni pako, wima kwenda chini, yanarudisha kama sehemu 2 tu katika 100 za mwanga, na zilizobaki zinazama. Ndipo unapoanza kuona ndani. Mchoro wako umehama kutoka kioo hadi tope ndani ya upana wa kiganja, tena bila mstari wa kuonyesha mpaka. Hapo nilitulia muda mrefu. Wanafunzi wangu huchukua miaka kuliweza jambo hilo.

Nakuja kwenye ule mti uliopauka kama sanda, wa kushoto. Nilikuomba uniletee picha yake ya karibu, na ulipoleta nikafurahi. Mti ule ni mchu. Wenzake wenye mizizi iliyojikunja kama miguu ya kaa ni mikoko yenyewe. Mchu hausimami juu ya mizizi ya namna hiyo. Wake hutoka matopeni wima, vijitivijiti vyembamba kama penseli, na mchoraji amevitia kwa ncha ya brashi hapo chini ya shina. Jani la mchu juu ni kijani, tumboni ni la kijivu chenye weupe kama fedha iliyochakaa. Ukiwa ukingoni unauona mti wa kijani. Majini, yanayouangalia kutoka chini, unauona ukiwa mweupe. Mtu yeyote aliyewahi kuvua kamba kwenye hori asubuhi ameuona weupe huo, ila hakuambiwa autafutie maana. Mwambie binti yangu huyo kwamba jicho lake ni zuri sana, kwa sababu alichokiona ni kweli kipo. Sanda tu ndiyo haipo.

Kuhusu saa, nina hakika nusu. Juu ya usawa wa maji, kwenye mizizi, kuna ukanda mweusi unaong'aa: mahali palipo bado majimaji. Maji yangekuwa yanajaa, mizizi iliyo juu yake ingekuwa imekauka na rangi yake ingekuwa ya vumbi. Basi maji yalikuwa yanapwa. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, hapa Mombasa bahari hujaa karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na kupwa kabisa karibu na saa nne. Mwanga wa mchoro ni wa chini na wa manjano, kwa hiyo ni ama saa kumi na mbili na kitu asubuhi, ama jioni kuelekea magharibi. Mimi naegemea asubuhi. Uso wa maji umetulia mno. Jioni, hasa upepo wa kusi ukivuma, taswira hukatikakatika na kurefuka kwenda chini kama mishumaa iliyoyeyuka. Hapa zimekatika mahali pamoja tu, kwenye ule mstari mweupe unaokatiza katikati. Unaweza kuwa pumzi ya upepo, unaweza kuwa mkia wa mtumbwi uliokwisha kupita. Asubuhi ya maleleji, upepo mmoja umekwisha na mwingine haujaanza, hori huwa hivyo hasa.

Mstari huo usiupuuze. Uufunike kwa kidole uone. Maji yanasimama kama ukuta, na miti ya chini inakuwa miti mingine iliyotundikwa juu chini. Uondoe kidole, maji yanalala.

Mpaka hapa nilikuwa nimeridhika, nikataka kukuandikia kwamba umerithi kazi nzuri ya mtu makini na tukomee hapo. Kisha nikahesabu.

Hesabu na wewe. Ukiacha mnazi, ukingoni juu kuna miti mitatu: mchu wa kushoto, mkoko wa katikati, mkoko wa kulia ulioinama. Majini iko minne. Kati ya mkoko wa katikati na ule wa kulia kuna taswira ya mkoko mwingine, umenyooka, na mrefu kuliko wenzake. Juu yake, ukingoni, mahali ambapo ungepaswa kuwa, kuna kisiki. Nilikipita mara nyingi nikidhani ni jiwe. Rangi yake ni nyekundu ya nyama, na mti wa mkoko ukikatwa ndani ni mwekundu. Kimekatwa kwa ulalo, kama shoka linavyokata. Mikoko hufa kwa njia nyingine pia. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi kwenye hori ya Mwache, hapa karibu na Mombasa, hata mikoko mingi ikakauka imesimama. Lakini tope halikati mti hivyo.

Kanuni ya maji haina ruhusa hapa. Kitu na taswira yake hukaa kwenye mstari mmoja wa wima, na kisichokuwapo ukingoni hakiwezi kuwapo majini. Mtu aliyejua kumnyima mnazi shina lake hakukosea hesabu ya miti minne.

Ndiyo maana nilikuomba usiku ule uzime taa, uwashe tochi ya simu, uiweke ubavuni mwa mchoro ili mwanga ulale juu ya rangi, kisha upige picha. Asante kwa kulifanya. Mwanga wa pembeni huinua kila mkunjo wa rangi, hata ule uliofunikwa. Katika picha yako, kwenye mbingu iliyo juu ya kisiki, kuna matuta ya rangi yanayopanda wima, kisha yanatawanyika. Ni shina na matawi. Mti wa nne ulichorwa, ukakauka, halafu ukafunikwa kwa rangi ya mbingu. Matuta hayo hayafuati brashi za mbingu iliyoyafunika, na hiyo ndiyo dalili ya rangi mbili za nyakati mbili.

Ninayosema kuanzia hapa ni maoni yangu, na nayasema kwa moyo mkunjufu. Naamini alianza kuchora mahali hapo miti ikiwa minne. Rangi za mafuta hazikauki kwa siku moja, mtu hurudi asubuhi nyingi. Asubuhi mojawapo alikuta mti umekatwa. Akaufuta ukingoni, kwa sababu haukuwapo na alikuwa mtu wa kuchora kilichopo, akachora kisiki. Majini akauacha.

Wachoraji wengine wamekutana na shoka. Mwaka 1891 Claude Monet alikuwa anachora safu ya mipopla kando ya mto Epte, karibu na Giverny nchini Ufaransa, miti na taswira zake, alipopata habari kwamba inapigwa mnada ikatwe mbao. Akaenda kuelewana na mfanyabiashara wa mbao na kutoa pesa zake ili miti iachwe imesimama mpaka amalize. Alimaliza turubai zaidi ya 20. Mchoraji wako, naona, hakuwa na wa kuelewana naye, au alifika amechelewa.

Wala si yeye wa kwanza kuyaachia maji yaseme jambo ambalo ukingo haulisemi. Hokusai wa Japani, katika zile picha zake za mlima Fuji, anayo moja ya ziwa ambamo mlima wenyewe ni wa kiangazi, mawe matupu, na taswira yake ziwani ina theluji kileleni. Majira mawili kwenye karatasi moja. Alifanya makusudi, na ukiitazama hushtuki mara moja. Unahisi tu kwamba maji yale yana kumbukumbu ya kitu. Nilihisi hivyo mbele ya mchoro wako kabla sijajua kwa nini.

Kwa hiyo binti yako hakuwa mbali sana, dada yangu. Kuna kifo mchoroni. Ni cha mti, kilitokea ukingoni si majini, na majini ndipo mahali ambapo hakijatokea. Akitaka kulisoma upya, aanze hapo. Sipendi zile orodha zinazosema maji ni nafsi, mti ni uhai, taswira ni ulimwengu wa pili. Zinampa mtu jibu kabla hajatazama, na lau ningezifuata nisingehesabu miti.

Kuna jambo moja nalotaka ulifanye ukimaliza kusoma. Inua macho. Kama nyumba yenu ni ya zamani kama nyingi za hapo Mji wa Kale, dari yake imebebwa na boriti, na upana wa chumba chako umeamuliwa na urefu ambao boriti ya mkoko inaweza kubeba bila kupinda. Wauzaji wanaipanga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kisiki kile, ukikipima kwa mizizi iliyo jirani, ni cha mti wa kutoa boriti nzuri iliyonyooka, na ndiyo sababu ulichaguliwa huo, wenzake waliopinda wakaachwa. Sikuambii ni uovu. Babu zetu wamejenga hivyo karne nyingi, na baba yako, mtoto wa Jomvu, bila shaka aliyajua mambo hayo tangu utotoni. Siwezi kukuthibitishia kwamba ukingo ule ni wa Jomvu. Ila mtu aliyekulia kwenye hori akikaa mbele ya mchoro huu kila alasiri kwa miaka, sidhani kama ule mti wa nne ulimpita.

Sasa utunzaji. Usiupanguse kwa kitambaa kibichi, wala kwa kiazi au mkate kama wengine wanavyoshauri. Vumbi liondoe kwa brashi laini kavu, ya nywele, ukianzia juu. Uuhamishe kutoka ukuta unaotazama dirisha la baharini: chumvi na unyevu vimeshaanza kuilegeza turubai pembeni, kona ya chini kulia, nimeona kwenye picha ya tatu. Kona hiyo usiiguse. Ukipata nafasi niletee niikaze kabla ya mvua za masika.

Na unapoutundika tena, usiupandishe juu kama picha ya harusi. Weka kiti cha mzee mahali kilipokuwa, keti, mtu akushikie mchoro ukutani, aushushe taratibu mpaka ukingo wa maji uwe sawa na macho yako. Hapo ndipo msumari uingie.